Shahidi wa Nafsi Yake

Kabla sijasema lolote juu ya mtu ninayetaka tumzungumzie leo, naomba tufanye jaribio dogo. Anayeendesha gari asubiri afike. Wewe uliyekaa, fumba macho. Inua kiganja chako mbele ya mdomo, kisikuguse, kisha toa ile sauti ya kumnyamazisha mtoto: shhhh. Endelea kuitoa bila kukatiza, na huku ukiitoa sogeza kiganja mbali, kirudishe karibu, kishushe kabisa, kiinue tena. Sauti inageuka. Kiganja kikiwa karibu inakuwa nzito, imebanwa, kikiondoka inafunguka. Rudia kidogo tu, utaweza kujua kiganja kilipo kwa masikio peke yake.

Popo huwinda gizani kwa uwezo wa namna hii. Binadamu nasi tunao, hafifu kuliko wa popo, na tumekuwa tukiutumia tangu utotoni. Ukiingia katika nyumba iliyohamwa, vyombo vyote vimeondolewa, masikio yanakuambia ni tupu kabla macho hayajamaliza kuangaza huku na huku. Lakini mwulize mtu kama anaweza kuusikia ukuta uliosimama kimya, usiotoa mlio wowote, atakukatalia katakata. Anausikia, na hajui kwamba anausikia.

Mwaka 2000 wasomi wawili wa Marekani waliandika makala juu ya jambo hili. Mmoja ni Michael Gordon, mwanasaikolojia. Mwingine ndiye mtu wetu wa leo: Eric Schwitzgebel, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Riverside, mashariki ya jiji la Los Angeles. Waliturudisha kwenye majaribio yaliyofanywa Chuo Kikuu cha Cornell na kuchapishwa mwaka 1944. Zamani zile ilijulikana kwamba vipofu wengi hutambua ukuta au nguzo iliyo mbele yao kabla hawajaifikia. Baadhi yao walikuwa na hakika kwamba wanaihisi usoni, mgandamizo mwepesi kwenye paji na mashavu. Watafiti watatu, mmoja wao, Michael Supa, akiwa mwenyewe haoni, waliwatembeza watu kuelekea ubao mkubwa. Nyuso zao zilipofunikwa kwa kitambaa kizito, waliendelea kuutambua ubao. Masikio yao yalipozibwa, waliugonga. Ngozi ya uso haikuhusika. Kilichowaongoza ni sauti, hata ile ya nyayo zao wenyewe, ikigonga ubao na kurudi masikioni. Mtu ameishi na uwezo huo miaka na miaka, ameutegemea kila siku barabarani, na bado hakujua unaingia kwa mlango upi wa mwili wake.

Nimeanza hapa kwa sababu naamini hapa ndipo penye mzizi wa kazi yote ya Schwitzgebel. Wanaomtaja humgawa mara mbili. Wapo wanaomjua kama mwanafalsafa wa fahamu, yaani hali hii ya kuwa macho, kuhisi, kuona rangi, kusikia uchungu, na kujua kwamba unahisi. Wapo wengine wanaomjua kwa saikolojia ya maadili, yaani uchunguzi wa namna watu wanavyotenda mema na mabaya na sababu zinazowasukuma. Mimi naona ni swali moja alilolishika kwa zaidi ya robo karne: je, mtu ni shahidi wa kuaminika juu ya nafsi yake mwenyewe?

Historia yake ya shule haina vituko. Shahada ya kwanza aliipata Stanford, ya uzamivu Berkeley mwaka 1997, na mwaka huohuo akaajiriwa Riverside, ambako yupo hadi leo. Lakini liko jambo moja la nyumbani kwao ambalo siwezi kuliruka. Baba yake na pacha wa baba yake walikuwa wanasaikolojia, na miaka ya 1960, wakiwa Harvard, walishiriki kubuni kifaa cha kielektroniki cha kufuatilia mienendo ya vijana waliokwisha kuingia katika uhalifu. Ndicho kilichotangulia bangili za mguuni wanazovishwa wafungwa wa nje siku hizi. Wao hawakukusudia adhabu. Walitaka kijana akifika mahali pema, kwa mfano kazini au darasani kwa wakati, ijulikane na apewe zawadi. Siwezi kudai kwamba mtoto alirithi falsafa kutoka kwenye kifaa hicho, ila nikitazama alichokuja kufanya ukubwani, namwona mtu aliyekulia katika nyumba ambamo tabia ilikuwa kitu cha kupimwa kwa miguu ilikokwenda, na maneno yakafuata baadaye.

Tuendelee na fahamu kidogo, maana lipo suala la ndoto. Mwaka 1942 wanafunzi wa chuo nchini Marekani waliulizwa kama wanaota kwa rangi. Karibu asilimia 71 walijibu kwamba hawaoni rangi ndotoni kamwe, au huziona kwa nadra. Schwitzgebel akachukua swali lilelile akawauliza wanafunzi wa wakati wake, karibu miaka 60 baadaye. Waliojibu hivyo hawakufika hata asilimia 20. Ajabu ni kwamba waandishi wa kale, kabla ya sinema na televisheni, kwa kawaida hawakusema kwamba ndoto hazina rangi. Dai hilo lilishamiri zama za filamu nyeusi na nyeupe, likafifia filamu za rangi zilipoenea. Yeye na wenzake wakaenda kuuliza China, mahali ambako jamii tofauti zilipata televisheni ya rangi kwa nyakati tofauti, na huko nako waliozoea zaidi picha zisizo na rangi ndio waliosema zaidi kwamba ndoto zao hazina rangi.

Je, ndoto za wanadamu zilipoteza rangi kwa miongo michache kisha zikairudisha? Schwitzgebel anaona yaelekea zaidi kwamba watu walikosea. Na anakwenda mbali zaidi: huenda ndoto nyingi hazina rangi wala hazikosi rangi, kama vile unaposoma riwaya na mwandishi hajakuambia shati la mhusika ni la rangi gani, hulioni la bluu wala la kijivu, rangi yenyewe haijatajwa tu. Sisi tunapoamka na kusimulia, tunaazima lugha ya sinema.

Wapo wasiokubaliana naye, na jambo ninaloliheshimu kwake ni kwamba aliketi nao. Russell Hurlburt, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Nevada kilichoko Las Vegas, huwapa watu kifaa kidogo kinacholia ghafla mchana wakiwa katika shughuli zao. Kikilia, mtu anaandika palepale kilichokuwa akilini mwake nukta ile kabla ya mlio. Hurlburt anaamini kwamba mtu akihojiwa kwa uangalifu, taarifa hizo zinaweza kuaminika. Schwitzgebel ana shaka. Badala ya kurushiana makala kwa mbali, walimchukua msichana mmoja, waliyemwita Melanie, wakamhoji pamoja mlio baada ya mlio, wakachapisha mahojiano hayo mwaka 2007 katika kitabu chenye mabishano yao yote, mmoja akimkatiza mwenzake ukurasa kwa ukurasa. Hawakufikia mwafaka. Mimi nakiona kitabu hicho kuwa somo la adabu ya kielimu kuliko mihadhara mingi inayotolewa juu ya adabu hiyo.

Sasa tuje kwenye maadili, na hapa ndipo wenzake wengi walipokunja nyuso. Kama mtu hajui vizuri anachokihisi sasa hivi, atajuaje kama yeye ni mwema? Na kama yupo mtu anayetarajiwa kujua, si yule aliyeupa wema maisha yake yote ya usomi? Maprofesa wa maadili wanafundisha haki, wajibu, ukweli, huruma. Wanayapima masuala hayo mchana na usiku. Basi, pamoja na mwanafalsafa mwenzake Joshua Rust, Schwitzgebel aliuliza swali ambalo mtoto angeliuliza bila kusita: je, watu hawa wanatenda mema kuliko sisi wengine?

Alianza na maktaba. Utafiti wake uliotoka mwaka 2009 ulihesabu vitabu vya falsafa vilivyopotea katika maktaba za vyuo vikuu. Akachagua vitabu vya kisasa visivyojulikana sana, vya aina ambayo huazimwa na maprofesa na wanafunzi wa ngazi za juu. Vile vya maadili vilikuwa na uwezekano wa kupotea uliozidi kwa takriban asilimia 50 ule wa vitabu vingine vya falsafa vinavyofanana navyo. Vile vya kale, vya kabla ya mwaka 1900, uwezekano ulikuwa karibu mara mbili. Hilo peke yake halimtii hatiani profesa yeyote, kwani huwezi kujua nani alikitia kitabu mkobani, wala yeye hakudai hivyo. Lakini anayetegemea kwamba kusoma sana juu ya uaminifu kunamfanya mtu arudishe kitabu hatakuta faraja katika takwimu hizo.

Kisha kura. Huko Marekani kumbukumbu za nani alijitokeza kupiga kura katika uchaguzi fulani ziko wazi kwa umma, ingawa aliyemchagua ni siri yake. Wataalamu wa maadili walionekana kupiga kura kwa kiwango kilekile cha maprofesa wengine. Kisha makongamano: watafiti waliketi vyumbani wakihesabu wanaonong'ona mtoa mada anapozungumza, wanaouachia mlango ujibamize, wanaoacha vikombe na karatasi vitini. Hapakuwa na tofauti ya maana, isipokuwa kwamba waliohudhuria vikao vya maadili ya mazingira waliacha taka kidogo kuliko wengine. Kisha barua pepe zilizoandikwa zionekane zimetoka kwa wanafunzi, kuona nani atajibu. Kisha mama: mara ya mwisho umezungumza na mama yako lini? Katika yote hayo, wenye taaluma ya wema walifanana na jirani zao.

Suala la nyama ndilo lililonishika zaidi. Maprofesa waliulizwa kama kula nyama ya wanyama kama ng'ombe na nguruwe mara kwa mara ni jambo baya kimaadili. Katika wataalamu wa maadili, asilimia 60 waliliweka upande wa ubaya. Wanafalsafa wa fani nyingine, asilimia 45. Maprofesa wasio wanafalsafa, asilimia 19. Pengo hilo ni kubwa. Halafu wakaulizwa: mlo wako wa jioni uliopita ulikuwa na nyama ya namna hiyo? Asilimia 37 ya wataalamu wa maadili wakasema ndiyo, na tofauti kati yao na wenzao haikuwa kubwa kiasi cha kutegemewa kitakwimu. Kwa hukumu wako mbali sana na wenzao, sahani zinafanana.

Mtu anaweza kuyasikia haya akatoa hukumu ya haraka: basi elimu ya maadili ni bure, tuifute. Wapo waliosema hivyo. Schwitzgebel mwenyewe aliliweka dai hilo kwenye mizani. Yeye na Bradford Cokelet, wakishirikiana na Peter Singer, yule mwanafalsafa anayejulikana dunia nzima kwa utetezi wa wanyama, waliwagawa wanafunzi 1,332 wa Riverside makundi mawili. Kundi moja lilisoma makala juu ya ulaji wa nyama na kuijadili darasani kwa dakika 50. Jingine lilifanya vivyo hivyo kwa makala juu ya kutoa sadaka. Kisha watafiti wakapata risiti 13,642 za vyakula ambavyo wanafunzi 495 kati yao walinunua katika migahawa ya chuo, kabla na baada ya somo. Katika milo ya kuanzia dola 4.99, kundi la sadaka lilibaki palepale: asilimia 52 yenye nyama kabla, 52 baada. Kundi lililosoma juu ya nyama lilishuka kutoka 52 hadi 45.

Utafiti huo ulitoka mwaka 2020. Pointi saba si nyingi, na hawajui ni kipi hasa kilichofanya kazi, makala au mjadala. Lakini ni mtu aliyekwisha kutumia miaka zaidi ya kumi akionyesha kwamba falsafa haiwabadilishi wanafalsafa, halafu akachapisha ushahidi unaomrudisha nyuma nusu hatua, kwa mikono yake mwenyewe. Ningependa tuwe na wasomi wengi wa namna hiyo.

Na ningependa mtindo huu wa kupima ufike kwetu. Shule za Tanzania zimekuwa na somo la Uraia na Maadili, na mitaala iliyorekebishwa mwaka 2023 ikaleta Historia ya Tanzania na Maadili. Sina ugomvi na masomo hayo, nayataka. Lakini tunayapimaje? Mtoto anaulizwa ataje madhara ya rushwa, anayataja, anapata alama zote. Mwalimu anafurahi, mzazi anafurahi. Tumepima kumbukumbu yake juu ya rushwa. Je, aliyepata alama zote anarudisha chenji iliyozidi dukani? Anamwachia mzee kiti kwenye daladala? Hayo yanaweza kuhesabiwa bila kumwaibisha mtoto yeyote, kama risiti za Riverside zilivyohesabiwa bila mwanafunzi kutajwa jina. Vyuo vyetu vya ualimu vina watu wanaoweza kuifanya kazi hiyo.

Kwa nini maprofesa wale wanafanana na jirani zao? Schwitzgebel ana jibu, na ni jibu gumu kulimeza. Anasema wengi wetu hatulengi kuwa wema. Tunalenga kuwa wa wastani. Mtu anatazama kushoto na kulia, anaona wenzake wanatoa kiasi gani, wanadanganya kiasi gani, wanakwepa kodi kiasi gani, kisha anajipanga katikati. Hataki kuwa mwovu kuliko wenzake, ila hana haja ya kuwazidi kwa wema, maana wema unagharimu, na mwenye kugharimika peke yake anajiona mjinga. Mtu kama huyo akijifunza kwamba jambo fulani ni baya, hukumu yake inapanda lakini mwenendo unabaki umefungwa kwa wenzake. Anajua zaidi, anatenda vilevile.

Na hapo lile swali la shahidi linarudi, kwa sababu mtu huyu ukimuuliza hatakuambia kwamba analenga wastani. Atakuambia anajitahidi kuwa mwema, na atakuwa anasema anachokiamini. Nyani haoni kundule. Katika insha yake moja mashuhuri Schwitzgebel alimchunguza mtu jeuri, yule anayewaona wenzake ama kama vyombo vya kutumia ama kama wapumbavu wa kuvumilia. Mtu wa namna hiyo hawezi kujitambua kwa kujitazama ndani, kwa kuwa ndani anajiona mwenye haki aliyezungukwa na wazembe. Afadhali atazame nje, aangalie dunia inaonekanaje machoni pake. Kama foleni nzima imejaa wajinga, kama kila mhudumu ni mpumbavu na kila mwenye maoni tofauti hana akili, basi habari hizo zinamhusu yeye.

Katika miaka ya karibuni ameupeleka mjadala kwenye mashine. Tangu mwaka 2015, alipoandika na Mara Garza kutetea haki za akili bandia zitakazoweza kuwa na fahamu, amekuwa akionya juu ya njia panda inayokuja. Kama hatuwezi kusema kwa hakika ni nini kinaendelea ndani yetu wenyewe, tutajuaje kama mashine inayosema inaumia inaumia kweli? Tukiipa haki kamili na kumbe haina lolote ndani, tunaweza kuacha watu wafe ili kuokoa chombo. Tukiinyima na kumbe inahisi, tutakuwa tumetenda dhuluma ya kutisha kwa maelfu. Ushauri wake ni kwamba tusiunde kabisa mashine za katikati, ambazo hatuwezi kuamua ziko upande gani. Wenye makampuni hawaelekei kuufuata.

Nakubaliana naye juu ya ushauri huo, na nataka kuongeza jambo moja kutoka upande wetu wa dunia. Mwanzoni mwa mwaka 2023 iliripotiwa kwamba vijana wa Nairobi walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maelezo ya ubakaji, mauaji na mateso ya watoto, siku nzima, ili mashine zijifunze kuyatambua na kutoyarudia. Baadhi yao walieleza jinsi maelezo yale yalivyowafuata hadi nyumbani na kuwaharibia usingizi. Kuhusu hawa hakuna fumbo la fahamu. Hakuna mwanafalsafa anayehitaji kuandika kitabu kuthibitisha kwamba kijana wa Nairobi anaumia. Na wale waliopanga malipo yale, nina hakika, hawakujiona waovu. Walitazama kushoto na kulia, wakaona kampuni nyingine zinalipa kiasi gani kwa kazi ya namna hiyo Afrika Mashariki, wakajipanga katikati.